Fundi, nichukue begi gani lisilochomoka mkanda kila baada ya miezi minne?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nakaa Kimara, kazi Posta, mwendokasi asubuhi na jioni. Kwenye begi kuna laptop ya inchi 15.6, chaja yake, chupa ya maji ya lita moja, hotpoti la chakula, mwavuli na makorokoro mengine. Ndani ya mwaka na kidogo nimeshanunua mabegi matatu, ya elfu 25 hadi 40, na yote yanakufa vilevile, ama mkanda wa begani unachomoka kule juu ama zipu inafunga halafu inaachia nyuma. Sasa nimetenga laki. Muuzaji mmoja ananiambia chukua la 1680D eti ndo kitambaa kigumu kuliko vyote, mwingine anasema ngozi. Nichukue lipi? Na hili la sasa ambalo zipu inaachia, lina dawa au nitupe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo begi usitupe, dawa yake ni bei ya soda, nitakwambia mwishoni. Tuanze na hiyo laki maana ndo naona inataka kuliwa.

Huu mwaka wa kumi na saba niko na cherehani hapa Ilala, nashona na kurudishia mabegi, na katika yote yanayoletwa, yale yaliyochanika kitambaa pale tumboni nayahesabu kwa vidole, tena mengi yake yamechanwa na wembe kwenye daladala au panya kafuata karanga. Begi linafia kwenye maungio: mkanda unapoingia mgongoni, zipu inapopinda kona, na kitako kule chini unakolibwaga sakafuni. Sasa muuzaji anakunadia kitambaa, kitu ambacho ndo kinakufa cha mwisho.

Hiyo 1680D isikutishe. D ni denia, na denia ni uzito wa uzi tu. Chukua uzi mmoja wenye urefu wa mita 9,000, yani kama Ubungo hadi Posta hivi, upime kwa gramu, namba utakayopata ndo denia yake. Uzi wa 1000D kwa urefu wote huo ni kilo moja, wa 600D ni gramu 600, basi. Inakwambia unene, haikwambii uzi ni wa nailoni au poliesta, haikwambii umefumwa vipi, na haikwambii kabisa aliyeshona alikuwa na haraka gani siku hiyo. Nailoni nzuri ya 500D inavumilia kusuguliwa kuliko poliesta ya 600D japo namba yake ndogo. Poliesta nayo inalishinda jua kuliko nailoni na haishiki sana maji, kwahiyo mtu wa bodaboda anayeanikwa juani mchana kutwa siwezi kumkatalia. Wewe wa mwendokasi, poliesta ya 600D iliyoshonwa na mtu mwenye akili inakutosha.

Wiki iliyopita kaka mmoja kaniletea begi jeusi, zuri kwa macho, kalebo ka 1680D bado kananing'inia, mkanda wa kulia umechomoka. Nikafumua bitana nione. Uzi haujakatika hata mmoja! Wote uko palepale umebaki kwenye mkanda kama meno ya kitana, kilichoachia ni kitambaa, kimechanika kufuata matundu ya sindano. Nikaweka rula, ukingo uliobaki ndani ya mshono ulikuwa milimita nne, na aliyeshona alibana mishono ikasongamana akidhani ndo anaimarisha. Sindano ikitoboa karibukaribu hivyo unapata kile kimstari cha vitobo kama cha kwenye kitabu cha risiti, kile ambacho kazi yake ni kukusaidia kuchana. Nina uhakika hata yako yaliyochomoka mkanda yamekufa hivi.

Hebu piga hesabu yako mwenyewe. Laptop kilo mbili na kitu, maji kilo moja, hotpoti na chakula kilo nyingine, chaja nusu, mwavuli na makorokoro, tuseme kilo sita. Zikikaa mabega mawili hakuna shida. Ila mwendokasi asubuhi unalihamishia kifuani kwa ajili ya wezi, linaning'inia mkanda mmoja, mlango unafunguka mtu anashuka Magomeni anaondoka na begi lako tumboni kwake, na jioni ukifika unalinyanyua sakafuni kwa mkanda mmoja kwa kulishtua. Kinachoua ni huo mshtuko, uzito wenyewe hauna neno.

Kwahiyo ukifika dukani, fungua zipu yote, ingiza mkono, litoe begi ndani nje kama unavyogeuza soksi. Muuzaji akinuna we ondoka, Kariakoo ina maduka. Angalia mishono ya ndani, ukingo uliobaki uwe kama sentimita moja, na uwe umefunikwa na utepe ulioshonewa juu yake, usiwe kitambaa kitupu kinachotoa nyuzinyuzi. Kisha nenda kwenye mzizi wa mkanda, pale juu. Unatafuta kiraka cha ziada kwa nyuma, au mshono wa mraba wenye msalaba katikati, au ule mshono mfupi mnene wa kwendarudi kwendarudi. Ukikuta mstari mmoja tu mnyoofu, rudisha. Kule chini, ule utepe wa kurefushia mkanda uingie kwanza kwenye kipembetatu cha kitambaa, na kipembetatu ndo kiingie kwenye mshono wa ubavuni, kwasababu utepe ukichomekwa wenyewe mzigo wote unaangukia vidole viwili vya mshono. Shika na sponji ya mabegani, ibonyeze kwa dole gumba. Ikizama mpaka vidole vikakutana, baada ya miezi miwili utakuwa umebeba kamba. Na laptop iwe na mfuko wake unaoishia juu kidogo ya kitako, sentimita mbili hivi, usifike chini kabisa, maana kila ukiliweka begi sakafuni kinachogonga kwanza ni kona ya laptop.

Zipu sasa. Zina namba, na ile namba inaendana takriban na upana wa meno yakiwa yamefungwa kwa milimita. Namba 5 ni ya vimifuko vya mbele, mlango mkubwa uwe namba 8 au 10, yani usiwe mwembamba kuliko penseli. Mabegi ya elfu 25 mengi yanawekewa namba 5 kila mahali. YKK ya Wajapani, ambao wako kwenye hii biashara tangu 1934, ni zipu ya kuaminika, na SBS ya Wachina nayo mi nashona bila wasiwasi, lakini herufi zilizogongwa kwenye kichwa cha zipu zisikulevye maana hata feki zinagongwa. Ivute mara kumi kwenye kona huku begi limejaa. Ikikwama likiwa jipya haitakuja kulainika. Halafu epuka yale yanayofunguka mpaka chini kama sanduku, zipu inazunguka pande tatu na hivyo kila kilo unayoweka inayasukuma meno yaachane. Lenye mdomo mfupi wa juu linadumu zaidi japo kutafuta chaja mle ndani ni kama kupiga mbizi.

Mabegi yale yenye tundu la USB ubavuni sina ugomvi nayo, ila kumbuka mtu ametoboa begi lako kwa makusudi na masika inakuja.

Kuna kitu wauzaji hawakigusi na kwetu pwani ndo kina shida. Kwa ndani kitambaa cha begi kinapakwa ngozi nyembamba ya plastiki ili maji yasipite, PU inaitwa. Joto na unyevu vinaila taratibu hata begi likiwa kabatini halijavaliwa, mwisho inanata kama jojo iliyotafunwa, inabanduka ungaunga inakaa kwenye nguo na kwenye matundu ya laptop. Hakuna fundi wa kukurudishia hiyo. Ndo maana nasema ingiza kiganja ndani, kisugue kwenye kitambaa, kikitoka kinanata au kina ungaunga liache hata kama la bure. Nusa pia.

Ngozi hapana. Ya kweli ni nzito kabla hujaweka kitu, ikilowa inataka matunzo na ikikaa kabatini wakati wa masika inaota ukungu. Isitoshe kwenye laki moja utakachouziwa ni reksini, ambayo ni kitambaa kilichopakwa plastiki, hiyo PU au nyingine kama PVC, nje badala ya ndani. Mvua yenyewe usitafute begi lisilopitisha maji kabisa, kwa hiyo bei hulipati, mishono itavuja tu. Zamani ungeivika laptop mfuko wa rambo, tangu Juni 2019 rambo marufuku, basi mwambie fundi akushonee kimfuko cha turubai kipimo cha laptop yako, akunje mdomo mara mbili.

Mi ningekuwa wewe laki nisingeipeleka yote dukani. Ningeshuka mtumbani, pale Karume, siku belo la mabegi linafunguliwa, nitafute JanSport au Eastpak au lolote lililoshonwa vizuri la lita 22 mpaka 25. Mtumba una faida moja ambayo jipya halina, limeshabebwa miaka na mtoto wa watu huko alikotoka, kwahiyo penye udhaifu pameshajionyesha. Unalipiga ukaguzi uleule, mzizi wa mkanda, ukingo wa ndani, kiganja cha PU, unaligeuza uangalie kitako juani kama mwanga unapita. Zipu mbovu isikukimbize, hiyo ndo ya kuombea punguzo.

Ukilipata, kabla hujaweka hata kalamu, lipeleke kwa fundi mabegi au fundi viatu mwenye cherehani nzito, siyo fundi nguo, sindano yake itavunjika mkosane. Mwambie aongeze kiraka cha utepe ule mgumu wa mikanda ndani ya mizizi yote minne, kipana kiasi cha kuvuka mshono wa zamani, ashone mraba na msalaba kwa uzi wa nailoni au poliesta nene. Ukimwona anatoa uzi wa pamba msimamishe, unaoza na jasho. Na mwambie mishono isisongamane, milimita tatu hivi kutoka tundu hadi tundu inatosha. Ni kazi isiyofika saa moja, na mimi mabegi niliyoyatia viraka yakiwa mazima ni nadra sana kuyaona yakirudi kwa mkanda.

Kulifua, maji ya kawaida na sabuni ya kipande, brashi laini, lianike kivulini limegeuzwa ndani nje. Mashine hapana, inaivuruga hiyo PU.

Haya, sasa hilo lako la zamani. Zipu ikifunga halafu ikaachia nyuma, mara nyingi meno hayana kosa, kilichochoka ni kichwa, kimepanuka hakibani tena. Kirudishe mwanzo kabisa wa njia, chukua plaizi, bana ubavu wa kulia kidogo, wa kushoto kidogo, upande wa nyuma ule ambako meno yanatokea yameshafungana. Kidogo jamani, ukikamua kwa nguvu kinapasuka. Jaribu, bana tena, jaribu. Kisha pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno, usipake mafuta ya kujipaka maana yanakusanya vumbi mpaka zipu inakuwa msasa. Ikishindikana kabisa kichwa kinabadilishwa, fundi anafumua ncha moja anaingiza kipya anashona, unasubiri hapohapo. Ila ukikuta meno yenyewe yameng'oka au yamelala, hapo ni kuhamisha zipu nzima, na kwa begi la elfu 25 mi sikushauri, lifanye la kubebea hotpoti.

Ukilipata la mtumba nipigie picha mzizi wa mkanda kwa ndani nilione kabla hujalipa.