Kabla hujapeleka hela Gujarat, jua sheria inakuita nani

Kila Diwali ikikaribia napata simu zinazofanana. Kijana wa Upanga au Kisutu, Mtanzania wa kizazi cha tatu au cha nne, ambaye mzee wa mzee wake alitoka Kutch, Porbandar au Jamnagar kule Gujarat, India, ameshika hela kidogo na sasa anataka awe na chochote kule. Achukue kadi ya OCI, ile ambayo India inawapa wageni wenye asili yake, anunue fleti Rajkot au Ahmedabad, afungue akaunti. Hesabu za India za familia yetu nimezishika mimi tangu baba alipochoka kuzifuatilia, kwa hiyo huwa najibu kwa swali: pasipoti yako ni ya wapi, na karatasi gani unazo za wazee?

Wengi hukasirika kidogo. Wanadhani nawauliza kama wao ni Wahindi kweli. Hapana. Nyumbani kwako ongea Kigujarati, fuata mila zote unazotaka, hilo ni lako na la wazazi wako. Lakini ukishaingia benki au kwa msajili wa ardhi wa Gujarat, moyo hauna fomu. Kule kuna raia wa India anayeishi nje, huyo ndiye NRI. Kuna mgeni mwenye asili ya India aliyesajiliwa, huyo ndiye mwenye OCI. Halafu kuna mgeni tu. Mimi na wewe wenye pasipoti ya Tanzania hatuwezi kuwa NRI, hata shangazi zetu wakituita hivyo harusini.

India hairuhusu uraia wa nchi mbili. Mpango wa OCI, ulioingia kwenye sheria mwaka 2005, haukubadilisha hilo, japo jina lake linafanya watu wadhani wamepata uraia. Unaingia India bila viza maisha yako yote, unaweza kuishi, kufanya kazi za kawaida, kununua nyumba ya kuishi au ofisi. Hupigi kura na hugombei. Hununui shamba. Tangu 2021 hata ukitaka kwenda kufanya utafiti au uandishi wa habari lazima uombe kibali maalumu. Wakenya wananiambia katiba yao ya 2010 inawaruhusu uraia pacha, na kwamba 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwatambua Waasia wa Kenya kuwa kabila la 44. Hongera zao, lakini ruhusa ya Nairobi haiifungi Delhi.

Tofauti hii iliwahi kutugusa mfukoni. Tarehe 8 Novemba 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza usiku kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zinakoma kutumika usiku uleule. Karibu kila nyumba ya Kigujarati hapa Dar ilikuwa na noti hizo, zimebaki kutoka safari iliyopita, zimefungwa kwenye leso kabatini. Bibi yangu mkubwa alikuwa nazo za kutosha, akiba ya hija yake ya Dwarka. Waliokuwa India walipewa hadi mwisho wa Desemba kuzipeleka benki. Raia wa India wanaoishi nje wakaongezewa hadi Juni 2017. Sisi wenye pasipoti za kigeni hatukuwemo. Bibi aliyeimba bhajan, nyimbo za ibada, kila alfajiri ya maisha yake alibaki na karatasi, na jirani yake wa ghorofa ya chini, aliyehamia Dar juzi tu kwa kazi ya kiwandani lakini ana pasipoti ya India, alizibadilisha zake alipokwenda likizo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo: usiweke rupia taslimu kabatini. Zaidi ya za teksi na chai za siku ya kwanza, hazina kazi.

Wa pili ni mzito zaidi. Usinunue kitu kwa jina la binamu. Wazee wetu walifanya hivyo sana, na ninaelewa kwa nini. Mwaka 1971 hapa Tanzania Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilichukua nyumba za kupangisha za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na waliozijenga wakaanza kulipa kodi kwa Msajili wa Majengo ili wakae ndani ya kuta zao wenyewe. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Tangu hapo familia nyingi zilijigawa kwa makusudi: mmoja abaki dukani Dar, mmoja aende Leicester, mmoja Toronto, na kiasi fulani cha hela kilale India kwa mtu wa damu. Hela ikapita kwa hawala, mkono kwa mkono nje ya benki, kiwanja kikaandikwa jina la mtoto wa kaka wa babu, na ahadi ikabaki ya mdomo.

Huyo mtoto wa kaka wa babu leo amefariki. Wanawe hawakujui. Hati ina jina la baba yao, na wao wanaamini kabisa ni mali yao. Zaidi ya hapo, sheria ya India dhidi ya mali zilizofichwa kwa majina ya watu wengine, wanaziita benami, ilikazwa Novemba 2016, na serikali inaweza kuitaifisha. Ukienda mahakamani kudai, unakwenda kukiri. Nimeona familia mbili zikiamua kunyamaza tu.

Kununua kwa jina lako kunawezekana, ila hela ipite benki. Hapa ndipo hawala inapokuumiza baadaye. Malipo ya nyumba yanatakiwa yatoke nje kwa njia ya kibenki au kwenye akaunti zako za NRE au NRO. Ya NRE unaingiza hela ya nje, riba yake haikatwi kodi India, na unaitoa utakapo. Ya NRO ni ya mapato yaliyozaliwa kulekule, kama kodi ya pango au urithi. Riba yake inakatwa kodi, na kuitoa nje kuna kikomo cha dola milioni moja kwa mwaka wa fedha. Watu wa dukani wananicheka nikitaja milioni moja. Sawa, lakini tatizo si kiasi, ni ushahidi. Benki itauliza hela ilifikaje. Ukiwa huna karatasi, fleti yako inaweza kuuzwa vizuri na hela ikakwama Rajkot. Na kabla ya kutuma, ongea na benki yako ya hapa kuhusu masharti ya Benki Kuu, maana kuwekeza nje si sawa na kumtumia mama mkwe hela ya dawa.

Ukiuza, jua mnunuzi analazimika kukata kodi ya zuio kwa sababu muuzaji anaishi nje. Mara nyingi inakatwa kwenye bei nzima, si kwenye faida, isipokuwa kama uliomba mapema cheti cha kupunguziwa. Madalali hawakuambii hili.

Shamba la urithi unaweza kubaki nalo. Kuliuza ni hadithi nyingine: mnunuzi lazima awe mtu anayeishi India, na Gujarat inataka awe mkulima.

Kusema kweli, fleti nyingi ninazozijua zimefungwa. Zinavuja masika, zinadai ada ya matunzo kila mwezi, na zinafunguliwa wiki mbili kwa miaka mitatu. Kijana wa miaka 28 ananunua kwa hofu ya 1971 ambayo hakuiona. Kama unachotaka ni watoto wako wamjue bibi yao wa Jamnagar, nauli inatosha. Amana ya benki, kama wanavyofanya watu wa Madhapar kule Kutch ambao ndugu zao wako Nairobi na London, inasumbua kidogo kuliko nyumba.

Bado unaitaka OCI? Tafuta karatasi ya mzee: pasipoti ya zamani, cheti cha shule, au ile 7/12 inayoonyesha shamba la ukoo. Inakwenda hadi kwa mzazi wa babu au bibi, haizidi hapo. Na waulize wazee jambo moja wanalopenda kulipita haraka, hasa kwa jumuiya zetu za Kiislamu, Wamemoni, Waismailia na Waithnashari: kuna yeyote kati ya wazazi, babu, bibi au wazazi wao aliyewahi kuchukua uraia wa Pakistan, pengine kwa miaka michache tu ya Karachi? Kama yupo, usilipe ada ya maombi. Omba viza ya kawaida.