Jibu: nyumba ya mbao ya miaka 600 inasimamaje bila misumari?

Mkuu umeuliza kama kuta ndo zinabeba paa. Hapana, hazibebi kitu, mzigo wote uko kwenye fremu. Chukua Bayleaf, nyumba ya mkulima kutoka Kent kule Uingereza, ukumbi wake ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1400, nguzo na boriti ni mwaloni mtupu (oak, mti wa mbao ngumu) na kuta ni fito zimekandikwa udongo uliochanganywa na samadi na majani makavu, yaani ukitoa udongo wote nyumba bado inasimama.

Siri iko kwenye maungio. Seremala anachonga ulimi kwenye boriti moja na tundu kwenye nyingine, anatoboa, anapigilia kigingi cha mbao. Na mwaloni wanautumia ukiwa bado mbichi kwa sababu ni laini kuchonga, ukikauka unasinyaa na kubana kigingi, kwa hiyo miaka inavyoenda ndo inazidi kukaza. Hapo mi nawavulia kofia kabisa.

Kuhusu moshi, bomba halikuwepo, moto uliwashwa katikati ya ukumbi na moshi ukapanda wenyewe hadi kwenye paa, ndo maana nyumba za aina hii unakuta mbao za paa zina masizi hadi leo.

Halafu sababu ni vigingi, inafunguka! Bayleaf ilibomolewa kipande kwa kipande mwishoni mwa miaka ya 1960 kupisha bwawa la maji, ikasimamishwa upya kwenye makumbusho ya Singleton, Sussex. Ya zege ungeihamishaje?