Chumba cha mbao Kadutu na dola 80: chukua mikro gani?

Mdogo wangu, umesema una dola 80, kompyuta ndogo, gitaa na chumba cha mbao huko Kadutu, Bukavu, na unataka kurekodi nyumbani. Mimi pia nilianzia Kadutu hapohapo, basi nikwambie pesa yangu ilipotea wapi.

Mikro yangu ya kwanza ilikuwa kondensa, zile za kwenye kisanduku pamoja na mkono wa chuma na sponji. Dola 35. Nilikuwa nimeambiwa studio ni kondensa tu. Usiku saa nne nikaimba ubeti wa kwanza, nikavaa kaske kusikiliza. Sauti yangu imo, tena safi. Nyuma yake mtoto wa jirani anasema "mama, maji", kisha kikombe kinagonga ndoo. Si unajua kule ukuta ni ubao mmoja tu? Utando wa kondensa ni mwepesi sana, unanasa hata yasiyokuhusu. Juu ya hayo, kondensa ya kweli hutaka volti 48, na mimi nilikuwa naichomeka kwenye tundu dogo la kompyuta lisiloweza kutoa hizo. Mvumo wake ulikuwa kama mvua inayokuja kutoka Bagira, mtaa wa pili huko.

Wewe chukua dainamiki, aina nyingine ya mikro, isiyonasa kila kitu. Haidai volti 48, hata ikianguka sakafuni inaamka, na unaimba ukiwa karibu nayo, kama vidole vinne kutoka mdomoni. Ukaribu huo ndio dawa yenyewe: ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda karibu desibeli 6, na kikombe cha jirani kinabaki palepale. Ila ukikaribia mno besi inavimba, na "p" zinapiga kama kofi. Mimi nilikunja waya ya kutundikia nguo ikawa duara, nikaivalisha soksi ndefu nyembamba ya dada yangu. (Aliitafuta wiki nzima.)

Nyingi za aina hii ni kadioidi, maana yake zinasikia mbele na kupuuza nyuma. Kwa hiyo mgongo wa mikro uelekee kwenye kelele. Godoro nalo litundike nyuma YAKO wewe mwimbaji, kwa sababu huko ndiko mikro inakotazama. Wengi wanaliweka nyuma ya mikro halafu wanashangaa chumba bado kinalia kama pipa.

Sasa ipi? Kila mtu atakutajia Shure SM58, na ni kweli, iko sokoni tangu 1966 na bado inafanya kazi. Lakini mpya ya kweli itamaliza dola zako zote, na za kuigiza zimejaa. Niliwahi kuuziwa moja kwa dola 30. Nikaipeleka kwa jirani anayenunua dhahabu, akaiweka kwenye mzani wake: gramu 230 na kitu. Ya kweli ina karibu 298. Muuzaji alikuwa ameshabadilisha namba ya simu.

Mimi ningechukua Behringer XM8500. Yangu ililetwa na mtu aliyetoka Kigali, dola 25. Haifikii SM58 kwenye sauti za juu, lakini msikilizaji wa simu hatajua. Ongeza kadi ya sauti ndogo, ile ya kuunganisha mikro na kompyuta, yenye tundu la XLR (la pini tatu, la kebo ya mikro), nilipata ya mitumba kwa 40, na kebo dola 8. Ukibahatika kumpata mtu wa kukuletea Samson Q2U, hiyo ni dainamiki yenye USB na XLR pamoja, unaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, kadi ya sauti utanunua siku nyingine.

Kwa gitaa, usielekeze mikro kwenye tundu, itanguruma. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, sentimita 15 hivi. Hapo kondensa ingeshinda, sikatai, lakini ungehitaji chumba kingine.

Mvua ikianza kupiga mabati, zima ukale. Na ukisikia mlio wa "zzzz" usiokwisha, usiilaumu mikro kwanza: chomoa chaja, urekodi kwa betri. Kwangu mlio ulikatika palepale. Tangu siku hiyo SNEL, shirika letu la umeme, ikirudisha moto nachaji, ikikata naimba.