Maswali ya Wasomaji: Kanda 267 za Delia Derbyshire

SWALI: Wengine husema muziki wa tamthilia ya televisheni ya BBC, Doctor Who, ni wa mtunzi Ron Grainer, wengine ni wa Delia Derbyshire. Ni upi ukweli? Na mwaka 1963 sauti zile zilipatikanaje bila sinthesaiza, ala ya kielektroniki ya kutengenezea sauti?

JIBU: Grainer aliandika melodia na besi kwenye karatasi. Derbyshire, mzaliwa wa Coventry, Uingereza (1937), aliyesoma hisabati na muziki Cambridge, ndiye aliyeipa karatasi ile sauti katika Radiophonic Workshop, karakana ya sauti ya BBC, akisaidiwa na Dick Mills.

Besi ilitokana na uzi mmoja uliodonolewa na kurekodiwa kwenye kanda ya sumaku. Mlio huo ulichezwa kwa kasi tofauti ili kupata kila nota: kasi ikiongezwa maradufu, mlio hupanda oktavu nzima; ili kupanda nusu toni, hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili, kasi huzidishwa kwa 1.0595. Kisha nota zilikatwa kwa wembe na kuungwa moja baada ya nyingine. Katika kazi hii urefu ndio muda. Kwenye mashine inayokwenda sentimita 38 kwa sekunde, nota ya nusu sekunde ni kipande cha sentimita 19. Pungukiwa na milimita mbili katika kila kipande, na baada ya nota 40 besi imeshaitangulia melodia kwa zaidi ya sehemu ya tano ya sekunde. Sikio lolote litalijua hilo. Melodia yenyewe ilitoka kwenye osileta, vifaa vinavyotoa mlio wa umeme, vilivyokusudiwa kupimia mitambo. Kanda za sehemu mbalimbali ziliwashwa kwa pamoja kwenye mashine tofauti, zikachanganywa.

Grainer alitaka Derbyshire agawiwe malipo ya utunzi, BBC ikakataa. Jina la Derbyshire lilitokea kwa mara ya kwanza kwenye skrini ya tamthilia hiyo mwaka 2013, miaka 12 baada ya kufariki kwake. Kwa maoni yetu alistahili kutajwa tangu siku ya kwanza.

SWALI: Nimesikia alitengeneza muziki kwa kifuniko cha taa. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, na ndiyo kazi yake tunayoipenda kuliko zote: Blue Veils and Golden Sands ya mwaka 1967, iliyotungwa kwa ajili ya filamu ya televisheni kuhusu Watuareg wa Sahara. Kifuniko kilikuwa cha chuma. Ukigonga chuma, ule mlio wa mwanzo wa kugongwa ndio unaoliambia sikio kwamba hiki ni chuma. Derbyshire aliuondoa, akabaki na mvumo unaofuata. Akauchambua mvumo huo frikwensi (kasi ya mtetemo) moja moja, halafu akaujenga upya kwa osileta. Kinachosikika hakina mwanzo wala chombo unachoweza kukitaja, kama joto linalotetemeka juu ya mchanga.

Ukitaka kujaribu kwa kanda, kata kwa mshazari mrefu ili sauti iingie polepole. Ukikata wima, sauti huanza kwa ghafla na pengine kwa mlio wa “tak”. Wembe ulioshika sumaku nao huacha “tak” kwenye kila kiungo, kwa hiyo uondoe sumaku kwanza.

SWALI: Kazi zake ziko wapi sasa?

JIBU: Alipofariki mwaka 2001, kanda 267 zilikutwa darini kwake. Mtunzi wa muziki Mark Ayres alizitunza, na mwaka 2007 zikapelekwa Chuo Kikuu cha Manchester, ambako zimegeuzwa kuwa za dijitali. Thamani yake kubwa ni kwamba nyingi ni malighafi: vipande, majaribio, tabaka moja moja kabla ya kuchanganywa. Humo unaona kazi ilivyojengwa.

SWALI: Marehemu baba mdogo alituachia kanda za rili za muziki wake. Baadhi zinanuka siki. Je, tuzioke kwenye oveni kama tunavyoambiwa?

JIBU: Hizo zinazonuka siki, kamwe! Ni za asetati, aina ya plastiki ya zamani, na joto litazimaliza. Zitenge na nyingine, ziweke mahali pa baridi na pakavu, zinakiliwe mwanzo. Ili kuitambua asetati, inua rili kwenye mwanga: ikipitisha mwanga ubavuni, ni asetati.

Kuoka ni kwa kanda za poliesta, hasa za miaka ya 1970 na 1980, ambazo gundi yake imenyonya unyevu hadi zinanata na kupiga kelele zikichezwa. Hukaa kwenye nyuzi 54 za Selsiasi kwa takriban saa 8, katika kifaa kinachoshika joto bila kuyumba. Oveni ya jikoni huyumba mno. Ziache zipoe kabisa, uzinakili ndani ya wiki chache, kwani unyevu hurudi.

Viungo vya zamani gundi yake hukauka na kuachia. Viunge upya palepale kwa utepe wa kuungia kanda, bila kubadilisha mpangilio hata kama vipande vinaonekana havina maana. Nakili kwa biti 24, kilohezi 96, faili la WAV (sauti isiyobanwa); saa moja ya stirio huchukua takriban gigabaiti 2. Usiondoe mvumo wa kanda kwenye nakala hiyo ya kwanza. Piga picha kila boksi na kila mwandiko, maana lebo zikibanduka, picha hizo ndizo zitakazokuambia kanda ipi ni ipi.