Uliza Tukujibu: Tenda zimehamia mtandaoni, mbona bado napigwa chini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni fundi seremala, nina karakana Kahama, tunatengeneza madawati na makabati. Nimejisajili NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kama tulivyoambiwa, TIN ipo, leseni ipo, tax clearance ipo, nikaomba tenda ya madawati taasisi moja ya umma, bei yangu ilikuwa chini kuliko wenzangu na bado nikapigwa chini. Wazee wa hapa wanasema tenda za serikali zina wenyewe, zamani bahasha sasa mtandao, yale yale. Kwanini serikali isirudi tu kununua kupitia bohari moja kama enzi za Mwalimu?
Seremala, Kahama

JIBU: Kaka seremala pole sana. Nianze na hilo la bohari. Enzi zile mnunuzi mkubwa alikuwa serikali na muuzaji mkubwa naye serikali, mashirika ya umma na RTC, yaani kampuni za biashara za mikoa, kwahiyo nani apewe tenda halikuwa swali linalomnyima mtu usingizi. Soko lilipofunguliwa kuanzia 1986 wauzaji binafsi wakawa kibao, na taratibu zilizokuwepo zilitungwa kwa ajili ya kutunza stoo na hesabu, sio kushindanisha watu. Sheria ya manunuzi ya umma ya 2001 ikaja lakini ikaiacha Bodi Kuu ya Zabuni inapitisha tenda na papo hapo inasimamia wengine, refa huyo huyo na jezi kavaa. 2004 bodi hiyo ikavunjwa, kila taasisi ikawa na bodi yake ya zabuni, na PPRA, mamlaka ya kudhibiti manunuzi ya umma, ikaanzishwa kuwa msimamizi. Sheria imeandikwa upya 2011 na tena 2023, mwaka ambao NeST nayo imeanza.

Sasa wazee wako wana haki nusu. NeST imeua mambo ya bahasha kweli, ule mchezo wa kusafiri mpaka makao makuu na nyaraka mkononi halafu unaambiwa boksi limefungwa sasa hivi tu, au bahasha yako haionekani. Ila anayetaka kumpa mtu wake hahitaji kugusa bahasha, anamaliza kazi kwenye vigezo kabla tenda haijatangazwa. Anaandika mzabuni awe na mikataba mitatu ya aina hiyo, mauzo ya mwaka yawe mamilioni kadhaa, na mzigo ufike ndani ya siku saba. Madawati mia mbili kwa siku saba! Wewe ni fundi unajua, mbao mbichi hata kukauka hazijakauka, atakayeweza ni yule aliyenong'onezwa mapema na tayari keshayapanga stoo. Mfumo utampa ushindi kihalali kabisa maana katimiza vigezo, na wewe bei yako ya chini haina hata atakayeiangalia kama umeanguka kwenye hatua ya mwanzo.

Kwahiyo next time soma vigezo kwanza, bei baadaye, na ukiona kigezo cha ajabu omba ufafanuzi kabla tenda haijafungwa, ndo wakati rahisi kukibadilisha. Kwa hii iliyopita, angalia notisi ya kusudio la kutoa tuzo, ile inayotaja nani anakaribia kupewa tenda, lazima iseme umekosea wapi. Usiporidhika unalalamika kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi, ukigonga mwamba unaenda PPAA, mamlaka ya rufaa za zabuni, ila siku ni chache sana usizimalize kijiweni. Na kama karakana yako imejaa vijana, mwone afisa maendeleo ya jamii msajiliwe kama kikundi, sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kulipwa kwa wakati ni kesi nyingine, hiyo nikianza leo gazeti litajaa.

SWALI: Nasoma manunuzi chuo, lecturer anaisifia ProZorro, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni wa Ukraine, kila kipindi. Ni kweli ilimaliza ufisadi?
Mwanafunzi, Mzumbe

JIBU: Kumaliza hapana mdogo wangu, ila ni nzuri. Waliianzisha watu wa kujitolea baada ya mapinduzi ya 2014, na tangu Agosti 2016 taasisi zote za umma zikalazimika kuitumia, kauli mbiu yao kila mtu anaona kila kitu. Mwambie lecturer wako awasimulie na ya mayai. Vita kamili na Urusi ilipoanza 2022 manunuzi ya jeshi yakafichwa, na Januari 2023 mwandishi mmoja akapata mkataba wa chakula cha wanajeshi, yai moja hryvnia 17 (hela yao) wakati dukani Kyiv lilikuwa kama 7 hivi. Waziri wa ulinzi akasema ni makosa ya kiufundi, naibu wake akajiuzulu, na waziri mwenyewe akaondolewa Septemba. Mayai bwana, sio vifaru. Kilichofuata bunge lao likataka bei za vitu kama chakula ziwekwe wazi hata vita ikiendelea, za silaha zibaki siri.