Soma meno kwanza: majibu kuhusu wanyama na mimea mipya ya bustani

SWALI: Wataalamu, salaam. Nimepanda mimea ya maua ya kudumu 20. Siku ya tatu nusu yake imebaki vishina, na mingine imelala chini mizizi juu. Ni mnyama gani huyu, na nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye kidonda cha shina, kabla hujanunua chochote. Sungura ana meno makali ya mbele juu na chini, hivyo hukata shina mshazari, safi kama kwa kisu, na ni nadra afike juu ya sentimita 60. Swala, paa na kulungu hawana meno ya mbele ya juu. Hubana jani kati ya meno ya chini na ufizi mgumu, kisha huvuta. Ndiyo maana kidonda chao huchanika na kuacha nyuzinyuzi, na mmea ambao haujashika ardhi hung'oka mzima. Kwa kuwa yako imelala mizizi juu, tunawashuku hawa wa pili. Hata hivyo fukua sentimita 3 za udongo kuzunguka shina moja: ukimkuta sota, yule kiwavi anayekata miche usiku, kesi ni nyingine kabisa.

Iliyong'olewa irudishe leo hii. Loweka mizizi dakika 20, kata kilichochanika kwa kisu kikali juu kidogo ya kifundo (pale jani linapochipukia kwenye shina), panda kwa kina kilekile cha awali, shindilia kwa viganja na mwagilia taratibu hadi maji yafike chini ya mizizi. Usiipe mbolea ya nitrojeni ili ikimbie kukua. Majani laini yaliyojaa maji ndiyo yanayomvuta mnyama kwenye miche iliyotoka kitaluni, na nitrojeni huyazidisha.

Kisha weka ulinzi jioni hiyohiyo. Ukuta wa kuzuia swala bustani nzima unahitaji kimo cha mita 2.4, na hiyo ni kazi kubwa. Kwa mimea 20, afadhali vizimba vya wavu. Kipande cha urefu wa mita 1.3, kikipishana sentimita 5 kwenye kiungo, hutoa kizimba cha duara chenye upana wa sentimita 40 hivi. Kimo kiwe mita 1.2. Funga kila kimoja kwenye nguzo mbili zilizozama sentimita 30, la sivyo mnyama atakisukuma kwa pua. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kizimba chembamba: jani linalogusa wavu huliwa kupitia matundu. Acha nafasi ya sentimita 15 kila upande.

Kama kidonda ni cha sungura, zungushia tuta zima wavu wa kuku wenye upana wa sentimita 90 na matundu yasiyozidi sentimita 2.5, maana watoto wa sungura hupenya kwenye matundu makubwa. Sentimita 60 zisimame juu, 15 zizame ardhini, na 15 za mwisho uzikunje kuelekea nje. Sungura huanza kuchimba pale pale chini ya ukuta, na hapo atakuta waya.

Usiondoe kinga mpaka mmea, ukiuvuta kidogo, ukatae kusogea.

SWALI: Mmea wangu umenyauka ilhali udongo una unyevu. Nilipoushika ukatoka mkononi bila mizizi. Umeoza?

JIBU: Tazama ncha iliyobaki. Mizizi iliyooza huwa ya kahawia, laini, yenye harufu, na ganda lake hubanduka ukilivuta. Iliyotafunwa ni migumu, imekatwa ghafla na ina alama za meno. Hapo ni fuko au panya wa mashimo. Ukikuta mizizi mizima inaning'inia ndani ya tundu, mchimbaji alikuwa akifuata minyoo: shindilia udongo, mwagilia, basi.

Kwa mla mizizi, dawa ya kudumu ni kikapu cha waya kinachowekwa shimoni wakati wa kupanda. Tumia wavu mgumu uliopakwa zinki, matundu ya sentimita 1.2 au chini. Wavu wa kuku haufai hapa. Matundu yake ni makubwa na waya wake hushika kutu mapema. Tengeneza kikapu cha upana na kina cha sentimita 30, na ukingo wake uchomoze sentimita 5 juu ya ardhi, kwa sababu panya hupita juu pia. Mizizi myembamba itapenya na kwenda zake. Sehemu nene pale shina linapoanzia ndiyo inayolindwa. Matandazo yakae sentimita 10 mbali na shina. Yakifunika ukingo, umempa panya daraja na maficho. Sumu tunaikataa: bundi au paka akimla panya aliyelishwa sumu, naye aweza kufa, na umempoteza mwindaji wako.

SWALI: Je, maji ya mayai na pilipili yanafukuza kweli?

JIBU: Mayai yanasaidia, kwa masharti. Koroga yai 1 katika lita 1 ya maji, acha siku nzima, chuja kwa kitambaa, nyunyizia jioni majani yakiwa makavu. Rudia kila mvua ikinyesha na kila majani mapya yanapochipua, kwani hayo mapya hayana harufu. Anza siku ya kupanda. Mnyama aliyekwisha kuzoea kula hapo ni mgumu kumgeuza, na mwenye njaa kali hajali. Pilipili huwasha wanyama wanyonyeshao, lakini ndege hawaisikii. Usinyunyizie mayai mabichi kwenye kitu utakachokula.

SWALI: Kila usiku mashimo mapya kando ya miche, lakini majani hayajaguswa. Kwa nini?

JIBU: Je, uliweka unga wa mifupa au wa damu shimoni? Harufu yake huita mbwa na wachimbaji wengine, nao hufukua wakidhani kuna mzoga. Tumia mboji iliyoiva vizuri. Kwa sasa laza wavu juu ya udongo, ubane kwa vigingi, na uutoe baada ya wiki 3, kabla machipukizi hayajanasa.