Usiupe Mlima Siku Moja: Niliyojifunza Zermatt

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba mwezi Agosti atakuwa Uswisi kikazi, kwamba atabakiwa na siku moja tu ya mapumziko, na kwamba angependa kuitumia kwenda Zermatt, kijiji cha milimani, kupanda treni hadi Gornergrat, kilele kinachotazamana na mlima Matterhorn, kuupiga picha mlima huo na kurudi jioni hiyo hiyo. Aliuliza kama siku hiyo inatosha. Nilimjibu kwa ufupi kuwa haitoshi, kisha nikaona jibu hilo halimtendei haki, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo hivyo anavyokusudia, na uchungu wake haujanitoka.

Mara ya kwanza nilikwenda na kundi, kwa basi lililoondoka alfajiri. Magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi kuingia Zermatt, hivyo basi lilituacha Täsch, kijiji kilicho chini kidogo bondeni, nasi tukamalizia safari kwa treni ya dakika kumi na mbili. Kiongozi wetu alikuwa ametupangia saa nne tu za kukaa kileleni na kijijini. Karibu na dirisha la tiketi kulikuwa na skrini inayoonyesha hali ya kule juu wakati ule ule, nayo ilikuwa nyeupe tupu kama karatasi. Niliiona kwa macho yangu. Nilipomwuliza kiongozi, alisema mawingu ya milimani hayakai, na kwamba tiketi zilikuwa zimekwisha kulipiwa.

Treni ya Gornergrat hupanda kwa reli yenye meno iliyofunguliwa mwaka 1898, na kwa muda wa nusu saa hivi humtoa mtu kwenye mita 1,600 na kumfikisha mita 3,089 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kila pumzi hubeba takriban asilimia 70 ya oksijeni ambayo ingebeba ufukweni. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata kidogo. Niliposhuka kwenye treni nilipanda ngazi kwa haraka ili niwatangulie wenzangu kwenye ukingo wa kutazamia, na kabla sijafika juu kichwa kilianza kunigonga na moyo ukaenda mbio. Mbele yetu palikuwa na ukungu mtupu. Tulisimama pale kwa karibu saa nzima, tukielekezwa kwa kidole kwamba Matterhorn upo huku na mto wa barafu wa Gorner upo kule chini, nasi tukitikisa vichwa kwa adabu kana kwamba tunaviona. Nilipolalamika jioni, nilijibiwa kwamba hakuna anayeuza hali ya hewa. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini aliyelitoa ndiye aliyetupimia saa nne kwa mlima unaohitaji siku nne, na hilo bado linaniuma.

Nilirudi baada ya miaka miwili, mwezi Septemba, peke yangu, nikalala usiku tano.

Siku ya kwanza sikwenda popote juu. Nilitembea kijijini, hasa katika mtaa wa zamani wanaouita Hinterdorf, ambako maghala ya mbao yaliyochomwa na jua hadi kuwa meusi yamesimama juu ya miguu iliyowekewa mawe mapana ya duara, ili panya wasiweze kupanda na kuila nafaka iliyohifadhiwa ndani. Nililitazama jiwe moja kwa muda mrefu. Watu waliolichonga walikuwa wakulima na wafugaji waliofahamu njaa, na karne nyingi walikaa chini ya mlima ule bila kuona sababu ya kuukwea hadi kileleni. Aliyeongoza kundi la kwanza kufika juu, tarehe 14 Julai 1865, alikuwa Mwingereza Edward Whymper. Walifika saba, wakati wa kushuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, na wanne wakaanguka na kufa. Kipande cha kamba hiyo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la kijiji, na ni chembamba kiasi cha kumtia mtu baridi. Hatua chache kutoka hapo, kandokando ya kanisa, yapo makaburi ya wapanda milima, wengi wao vijana. Baada ya kusoma majina yale sikuweza tena kuutazama Matterhorn kama pambo la picha.

Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya tatu niliamka gizani, nikafungua simu kutazama kamera za mlimani zinazorushwa kwenye intaneti, nikaona nyota. Nilipanda treni ya kwanza, nikashuka kituo cha Rotenboden, kimoja kabla ya mwisho, kisha nikatembea dakika kumi hivi hadi kwenye ziwa dogo la Riffelsee. Upepo ulikuwa haujaanza. Matterhorn, mita 4,478 za mwamba, ulikuwa umesimama mbele yangu na papo hapo umelala kichwachini ndani ya maji, na jua lilikuwa limeushika upande wote wa mashariki ukawa na rangi ya shaba. Nilikaa juu ya jiwe nikalia. Nasema haya bila haya, kwa kuwa nilikuwa nimeisubiri asubuhi hiyo kwa miaka miwili na niliipata kwa uvumilivu wangu mwenyewe. Baada ya saa moja na nusu upepo uliamka, maji yakakunjamana, na watu waliofika kwa treni za baadaye waliukuta mlima lakini taswira yake majini ilikuwa imeondoka.

Kutoka ziwani nilishuka kwa miguu, na huku kushuka ndiko ninakomsihi kila msafiri asikukose. Juu kabisa hakuna mti. Ni nyasi fupi, mawe na vijito vya maji baridi mno. Marmota, wanyama wanaofanana na pimbi ila ni wanene zaidi, walipiga mbinja na kutumbukia mashimoni kila niliposogea. Karibu na Riffelalp, kwenye mita 2,200 hivi, misonobari ilianza, kwanza mmoja mmoja iliyopindwa na upepo, kisha msitu. Anayeshuka kwa treni hupita mabadiliko haya yote akiwa ameinamia simu.

Basi nakuomba, ndugu msomaji, usifanye nilivyofanya mara ya kwanza. Lala kijijini angalau usiku tatu, na usinunue tiketi ya kupanda juu kabla ya kutazama kamera za asubuhi ile ile. Ukifika juu, tembea polepole na unywe maji. Kichwa kikizidi kuuma, teremka, kwani hakuna dawa inayoshinda kuteremka. Jifunze alama za njia kabla ya kuondoka. Vibao vya manjano huandika muda wa kutembea badala ya kilomita, na muda huo ni wa mtu asiyesimama kupiga picha. Rangi nyeupe, nyekundu na nyeupe ni njia ya mlimani inayodai viatu imara. Nyeupe, buluu na nyeupe ni ya watu wenye ujuzi, na kama unahitaji kuuliza iwapo unao, basi huna. Majira ya joto, radi hupenda kuja alasiri, kwa hiyo anza mapema na uwe umeteremka kabla yake. Beba koti hata jua likiwaka, kwa sababu kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi sita au zaidi.

Na wewe uliyeniandikia, ikiwa kweli mwajiri wako hatakuongezea hata siku moja, nenda lakini ubadili mpango. Skrini ikiwa nyeupe, weka fedha zako mfukoni, upite Hinterdorf, uione kamba ya mwaka 1865, kisha ukatembee kwenye korongo la Gorner, ambako maji ya barafu yamechimba mwamba na daraja za mbao zimeshikizwa ukutani juu yake. Huko ukungu haukuzuii kuona chochote, na saa nne zinatosha.